Picha Kumi na Moja Kando ya Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kamera. Wala sikuomba! Mkuu wa wodi kaingia chumba cha chai na mfuko mweusi, akauweka mbele yangu juu ya biskuti. Ni msaada wa wageni waliokuja mwezi jana. Anataka picha za ubao wa matangazo na za ripoti — wodi safi, akina mama wanaotabasamu, watoto wenye mashavu. Kwa nini mimi? Eti mimi ndiye niliyeitengeneza printa. Nimezalisha watu miaka kumi na tisa, hakuna aliyenipa hata kalamu. Nimevuta karatasi moja iliyokwama, nimekuwa fundi mitambo.

Ina vitufe kumi na saba. Nimevihesabu. Kimoja kina ua, kingine mtu anakimbia, kingine herufi M peke yake kama imesusiwa. Nimebonyeza ua. Hakuna kilichotokea.

Picha yangu ya kwanza: kidole changu.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka zamu mapema. Nimejifungia chumbani na simu, nikatafuta namna ya kutumia kamera. Walimu wametokea kama utitiri! Nimemchagua mmoja anayefundisha kwa Kiswahili. Kavaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, kwa hiyo ni Bwana Kofia. Anaongea kama anafukuzwa. "Karibu tena!" Tena wapi, ndiyo kwanza nafika.

Anasema kuna pembetatu ya mwanga. Kona zake tatu: tundu la lenzi, kasi ya shata, na kitu kinaitwa aiso. Ukiivuta kona moja, mbili zinanuna. Halafu akasema hivi: tundu likiwa kubwa, namba yake ni ndogo. Nimeirudisha video mara nne. Kubwa ni ndogo? Nikamwita mume wangu — yeye fundi friji, anaishi na namba. Kasikiliza, kajikuna, kasema huyo mwalimu kakosea, tafuta mwingine. Wa pili naye kasema vilevile. Na wa tatu.

Hawawezi kuwa wamelewa wote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa! Nilikuwa natafuta mshipa wa mama mmoja, nikamwambia mwenzangu anipe sindano ya kanula namba kumi na nane, siyo ishirini na mbili, maana nataka tundu kubwa. Nikabaki na mkono hewani. Namba ndogo, tundu kubwa! Lenzi ni kama kanula! Mwenzangu kauliza nacheka nini. Nimemwambia nimecheka tu.

Aiso bado giza.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefanya mazoezi kwa mama mkwe. Nimemkalisha kando ya dirisha kama Bwana Kofia anavyoagiza — mwanga utoke ubavuni, usitoke juu. Kakaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. "Mama, legea kidogo." "Nimelegea tangu mwaka juzi, wewe piga."

Picha imetoka nzuri kweli. Kila kunyanzi iko mahali pake. Kaiangalia, kanirudishia kamera.

Basi nikashusha programu ya kuhariri, ile ya bure. Bwana Kofia anasema picha isiyohaririwa ni nguo isiyopigwa pasi. Kuna kitufe cha kulainisha ngozi. Nimekisogeza hadi mwisho wake. Nikamwonyesha tena. Kaishika simu mbali, kaileta karibu.

"Kapendeza huyu. Ni ndugu yenu?"

Tumecheka hadi mume wangu katoka bafuni na povu kichwani. Lakini Mama kacheka kidogo kuliko sisi. Baadaye kaniita pembeni: hiyo hiyo laini niwatumie dada zake, na ile nyingine niifute, isije kuleta maneno. Nimemwambia sawa. Sijaifuta.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu! Nimepiga watoto sita wodini, nikabandika picha ubaoni kwa majaribio. Daktari wa watoto kapita, kasimama, kauliza kwa ukali nani kawaacha watoto sita wenye manjano bila kumwita. Hakuna manjano! Ni taa za wodi. Kumbe kamera inahitaji kuambiwa nyeupe ni ipi, yenyewe haijui. Inaitwa mizani ya weupe. Video ya dakika ishirini na mbili kuhusu nyeupe! Nimeitazama yote na sasa sijui kama hata ukuta wa sebuleni kwetu ni mweupe.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Amekuja saa mbili asubuhi, mimba ya kwanza, wiki thelathini na tisa. Mwalimu wa hesabu sekondari. Kaja na dada yake mkubwa. Mume ni dereva wa lori, yuko njiani na mzigo, siku nne kutoka hapa. Nimeweka kipimo tumboni, nikasikiliza moyo wa mtoto. Nikahamisha. Nikasikiliza tena. Kaniangalia usoni akanisoma kabla sijasema — walimu wanajua uso wa mtu asiye na jibu.

Saa saba na robo katoka. Mvulana, kilo tatu na gramu mia moja. Hata hivyo nilimpumulisha. Daktari alishasema, kila mtu alishajua, na mimi nikapumulisha na kusugua hadi mwenzangu akanishika bega.

Hajalia kwa sauti. Kaomba apewe. Kamshika kama saa nzima. Kisha akauliza, taratibu kabisa, kama anayeuliza bei: "Nimesikia kuna kamera hapa."

Nilishindwa nimwite nani. Wodi nzima tunaitana "mama", ulimi umezoea. Nikamwita Mwalimu. Akasema, "Niite unavyowaita wenzangu."

"Ndiyo, mama. Ipo."

Dada yake kakataa palepale. Picha za nini? Mnataka awe anaililia kila siku? Watazika kesho asubuhi, iishe. Hana ubaya, nilimwona akienda kujifuta machozi nyuma ya pazia. Mwalimu akamwambia, "Dada, baba yake hatamwona. Hatamwona kabisa. Nitamwelezea kwa maneno gani?" Dada akatoka nje.

Mimi nikabaki na kamera. Hakuna video ya jambo hili! Niliwaza: nimwombe nani ruhusa? Kamera ni ya mashavu na tabasamu. Nikamvisha mtoto, nikamzungushia shuka nyeupe, nikamlaza kwenye kitanda kidogo kando ya dirisha. Mwanga wa ubavuni. Picha tatu za kwanza ni ukungu. Nikaegemeza viwiko kitandani, nikabana pumzi. Kumi na moja kwa jumla. Uso, mkono mmoja, nyayo mbili, na mama yake akiwa amemwinamia.

Nilipokuwa naweka kifuniko cha lenzi, kasema: "Usije ukamremba, Sista. Nimpate kama alivyo."

Nikasema sawa.

Jumatano, 12 Machi

Siko zamu. Nimezifungua kwenye kompyuta ya mume wangu, na pazia nimeshusha, sijui namficha nani.

Rangi siyo yake. Au ni yake? Taa za ile wodi zimempaka manjano, na midomo imekolea sana, karibu na zambarau. Manjano ni kosa la kamera. Midomo si kosa la kamera, ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwenye picha imezidi. Au nakumbuka vibaya? Kama alivyo — alivyo wapi? Kwenye taa? Dirishani? Mikononi mwangu saa saba na robo?

Nimeuliza kwenye lile kundi la wanaojifunza picha mtandaoni. Niliandika tu: nirekebisheje rangi ya mtoto aliyezaliwa jana, midomo imekolea. Dakika mbili, majibu thelathini. Hongera! Hongera sana mama! Mioyo, puto, keki. Mmoja kauliza ni wa kike au wa kiume. Nikaandika: wa kiume. Mwingine kasema atakuwa baunsa. Nikaandika: asante.

Kwa nini niliandika asante?

Mmoja tu kajibu swali. Kasema gusa sehemu unayojua ni nyeupe, programu itajipanga yenyewe. Nimegusa shuka. Manjano yameondoka, uso umetulia. Kisha nikakumbuka mashuka yetu — yamefuliwa miaka mingapi, yana rangi ya moshi! Sasa kama nyeupe yangu ni ya uongo?

Midomo niliisogeza kidogo. Nikairudisha. Nikaisogeza. Nikairudisha. Nimeiacha.

Alhamisi, 13 Machi

Mkuu wa wodi kaomba kamera aone kazi imefikia wapi. Nilisahau kutoa kadi. Kasimama mlangoni anapitisha picha kwa kidole gumba, tiki, tiki, tiki. Kisha tiki zikakoma. Kanirudishia, kaziba lenzi vizuri, kasema picha za ubao zinatakiwa mwisho wa mwezi. Basi.

Sijajua kama nimegombezwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu amerudi wodini. Maziwa yamejaa, kifua kimekuwa jiwe, homa kidogo. Mwili haujaambiwa. Nimemfunga kitambaa cha baridi, nikampa dawa. Kisha nikampa bahasha.

Kazitazama moja moja kwa mpangilio, kama anasahihisha madaftari. Kwenye ile ya uso akakaa. Akaweka kidole kwenye kidevu cha mtoto. "Hiki ni cha baba yake. Nilisahau." Siku tatu tu! Kasema nimefanya vile alivyotaka. Nilitaka kumwambia kuhusu shuka na mizani ya weupe. Nikaona nitamchanganya. Nilishachanganyikiwa mimi, inatosha mmoja.

Mume wake anafika kesho.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeitwa nje ya wodi, kuna mtu. Mwanaume mrefu, kofia mkononi, amesimama karibu na ndoo za taka kama hataki kuchukua nafasi ya mtu. Nikamjua kabla hajasema. Kile kidevu.

"Sista, mimi ni baba wa yule mtoto. Wa Jumanne iliyopita."

Nimempa pole. Kanishukuru kwa picha. Kisha akaanza kuizungusha kofia. Kasema picha nzuri. Ila amelala. Watoto wote hulala. Yeye hakumshika, hakufika hata kwenye maziko, kila akiiangalia ile picha anaona mtoto ambaye atamwamsha akipita. Utingo wake kamwambia siku hizi kuna programu zinafungua macho.

"Nataka aniangalie mara moja tu. Halafu nitaacha."

Nikamwambia mke wake alisema vipi: kama alivyo. Sikuficha. Akatikisa kichwa. "Alisema siku ile. Siku ile mtu anasema lolote." Kisha sauti ikashuka. "Na usimwambie, nataka nimshtukize. Tangu nirudi hajanitazama machoni, Sista. Ananipakulia, ananifulia, anaongea na vifungo vya shati langu. Labda akimwona mtoto anatuangalia…"

Hakumaliza. Mtu mzima, mikono ya usukani, anaongea na kofia.

Nilitakiwa kusema hapana. Nilisema, "Nitajaribu, kaka."

Jumatano, 19 Machi

Nimemweleza mume wangu. Kasema mpe, inakupunguzia nini? Ni picha tu, haitibu na haiui. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mboga na kujifanya hasikii, kasema bila kuinua kichwa: "Na huyo mama, nani kampa mume wake kazi ya kumsemea?" Wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu mambo ya zamani kabisa, nikawaacha.

Kitufe cha kufungua macho kipo. Kimewekwa kwa ajili ya picha za sherehe, mtu mmoja akipepesa. Nimefuata maelezo ya mwalimu mwingine, kijana mchangamfu, mfano wake ni bibi harusi aliyesinzia. Hatua nne. Nimebonyeza. Duara likazunguka, likazunguka. Kisha programu ikanipa jozi tatu za macho nichague.

Tatu! Namba moja, namba mbili, namba tatu. Kama viatu. Nikalinganisha. Ya kwanza ilikuwa ya mtu mzima. Ya tatu ilitazama pembeni. Nikachagua ya pili. Macho ya kahawia, maji maji, yananitazama moja kwa moja. Mtoto mzima wa afya njema. Nilisukuma kiti nyuma.

Halafu nikaona kitu: kwenye kila jicho kuna nukta nyeupe, mng'ao wa dirisha. Uko upande wa kulia. Dirisha lilikuwa kushoto. Nilimlaza mwenyewe!

Kuna jambo sikuliandika siku ile. Nilipokuwa namfuta uso, kabla sijampeleka kwa mama yake, kope la kushoto lilifunguka kidogo chini ya pamba. Sekunde mbili, tatu. Nikaliona jicho. Nikalifunga kwa kidole. Sikumwambia mtu — si daktari, si mwenzangu. Halikuwa la kahawia. Sikuliandika hapa kwa sababu lilikuwa la mama yake kuona, si langu.

Sijaituma picha. Sijaifuta pia.

Alhamisi, 20 Machi

Kapiga simu mchana. Vipi Sista, tayari? Wodi imejaa, watatu wanasukuma kwa pamoja. Nikasema tayari.

Neno limetoka lenyewe. Kashukuru mpaka nikaona haya. Kesho anakuja kuichukua.

Nimeichapa kwenye ile printa. Haikukwama hata kidogo.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika stoo ya mashuka. Nimekaa juu ya bunda, mlango nimeurudisha.

Kaja naye! Sikutegemea. Wameingia korido pamoja, yeye mbele, mke nyuma hatua mbili. Mke kavaa gauni la kazini, kumbe ameanza kwenda shule. Ananyooka, anasalimia, anasema mume wake hajamwambia wamefuata nini. Mume kanivuta pembeni, macho yanawaka kama ya mtu aliyenunua kitu kikubwa. "Mpe yeye. Umpe wewe kwa mkono wako. Mimi nitakaa tu nimwangalie."

Nimesema subirini dakika tano nilete. Zimepita kumi na tano.

Bahasha ninayo. Ndani iko ile. Nyuma yake nimeweka nakala ya ile ya kwanza, ya kulala, sijui ya kazi gani, kama shahidi. Nimetoa ya macho nikabaki na ya kulala. Nikauwaza uso wa yule baba kwenye benchi. Nimeirudisha. Nimezitoa zote.

Nikaona: basi nimwambie ukweli. Nimwite mama peke yake, nimwambie niliona, kope la kushoto, sekunde mbili. Nimweleze lilivyokuwa. Hiyo ndiyo zawadi, siyo karatasi. Nikafumba macho nilikumbuke vizuri kabla ya kusema, maana mtu hawezi kumpa mama kitu kama hicho nusu nusu.

Limekuja la kahawia.

Nimefumba tena. La kahawia, maji maji, nukta nyeupe upande wa kulia. Nimejaribu kuanzia kwenye pamba, kwenye beseni, kwenye kidole changu. Kila nikifika kwenye kope linafunguka lile la programu. Namba mbili! Juzi tu niliandika halikuwa la kahawia. Nimerudi ukurasa wa nyuma, nimeangalia: niliandika hivyo, kwa mwandiko wangu. Halikuwa la kahawia. Lakini lilikuwa la rangi gani sikuandika! Niliheshimu nini, mjinga mimi, kwa nini sikuandika?

Leso. Nijifute. Nitoke.

Mtu anagonga. Siyo mume — kugonga kwa kalamu, mara mbili, kama kwenye meza ya darasani.

"Sista, ni mimi. Yeye nimemwacha kwenye benchi. Kabla hujatupa hicho alichoagiza, nataka kukuuliza kitu, na sitaki kumuuliza mbele yake. Wewe ulikuwa naye kabla yangu. Macho yake uliyaona?"

Nimesema ndiyo. Kupitia mlangoni, kabla sijafikiri.

Kisha kitasa kinazunguka taratibu, na sauti yake iko chini kabisa, karibu: "Yalikuwaje?"